Kata hiyo tiketi ya msimu, Mama Mapacha

Mama Mapacha wangu,

Shikamoo ya mama nimeifikisha na amefurahi sana, anauliza mapacha wamezoea chakula cha huko au bado wanamsumbua mama yao. Huku sisi wazima. Mvua ndo zinaishia ishia, mtama umeshaanza kuinama, asubuhi kabaridi kameanza kuingia na wewe unajua upepo wa Dodoma ukishaanza unakuwaje.

Sasa nimesikiliza ile sauti yako ya WhatsApp yote mpaka mwisho, nikairudia tena. Yani huyo jirani yako bibi wa Kizungu amekuletea kijitabu cha msimu mpya wa Hallé, ile okestra ya hapo Manchester, anataka mkate wote tiketi za msimu, na wewe unaniuliza mimi kama mwalimu wa kwaya, hivi mtu na akili zake alipie leo muziki utakaopigwa mwezi wa tatu mwakani ili iweje? Nakujibu moja kwa moja: kata. Kama msimu mzima ni hela nyingi basi chukua ule mpango wa maonyesho machache, lakini usikae Manchester miaka yote hiyo afu urudi huku hujawahi kuisikia ile okestra, itaniuma mimi kuliko wewe.

Na hilo swali la kulipia mapema, mbona jibu lake unalo mwenyewe. Kumbuka harusi yako. Tulianza vikao miezi minne kabla, kadi za mchango zikatoka, watu wakaandika ahadi, mweka hazina akawa anawapigia simu kila Ijumaa, na ni zile hela zilizoingia mapema ndo zilizotufanya tukalipie ukumbi na mpishi na mapambo bila kutetemeka. Hakuna aliyesema ngoja nione kwanza harusi ikinoga ndo nitoe. Okestra ni hivyo hivyo, tena zaidi, maana wale ni watu sabini themanini jukwaani, wanaishi kwa mshahara wa kazi hiyo, kuna mpiga piano mgeni ambaye ameshawekewa tarehe mwaka juzi, kuna ukumbi, kuna nota za kukodi. Na hela ya tiketi peke yake haitoshi kuendesha okestra kubwa, hiyo iko wazi dunia nzima, inajaziwa na ruzuku ya serikali na wafadhili na watu wa kawaida tu kama huyo jirani yako anayetoa kidogo chake kila mwaka. Yule bibi anaposhika tiketi mwezi huu wa tano, okestra inajua kwamba mwezi wa tatu kiti kile kina mtu. Na ikishajua hivyo inathubutu kupanga hata wimbo mgumu ambao watu hawaufahamu.

Ngoja nikusimulie hiyo Hallé imetoka wapi maana nimeisoma sana na naipenda historia yake. Charles Hallé alikuwa Mjerumani, mpiga piano, alikuwa anaishi Paris, mapinduzi ya 1848 yakamkimbiza akaangukia Manchester, mji wa viwanda vya pamba. Mwaka 1857 kukawa na maonyesho makubwa ya sanaa pale mjini, akakusanya wapigaji wa kutosha kwa ajili ya maonyesho hayo, na yalipokwisha akaona haiwezekani watu wale watawanyike hivi hivi, basi tarehe 30 Januari 1858 akaanza maonyesho yake mwenyewe na okestra hiyo ndo ipo mpaka leo. Lakini sehemu ninayotaka uisikie ni hii. Hallé alifariki 1895, ghafla, na kila kitu kilikuwa kimesimama juu yake yeye. Rafiki zake watatu, wafanyabiashara, Henry Simon na Gustav Behrens na James Forsyth, wakasema sisi tunaweka dhamana, kama maonyesho yakila hasara tutalipa. Wakaibeba hivyo mpaka 1899 ikaundwa jumuiya rasmi yenye wadhamini wengi. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa anapanda jukwaani kuongoza. Na matunda yake yakaonekana, maana Desemba 1908 simfoni ya kwanza (ule muziki mrefu wa okestra) ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar ilipigwa kwa mara ya kwanza duniani pale pale Manchester na okestra hiyo hiyo ikiongozwa na Hans Richter, na ndani ya mwaka mmoja na kidogo ikawa imeshapigwa kama mara 100 sehemu mbalimbali. Unafikiri ingefika 1908 bila wale watatu? Mimi naona isingefika.

Afu ikaja vita. Desemba 1940 mabomu yakaangukia ukumbi wao, Free Trade Hall, ukabaki kuta. Okestra haina nyumba. Unajua walikuwa wanapiga wapi? Sehemu nyingine nyingine, na kwenye ukumbi wa sarakasi huko Belle Vue, eneo lenye bustani ya wanyama, na watu wakawafuata huko huko kwa maelfu. Mwaka 1943 wakamwita John Barbirolli, aliyekuwa ameongoza okestra ya New York Philharmonic, alipofika akakuta wapigaji hawafiki hata 30, wengine wako vitani, wengine walikuwa wanapiga huku na kwenye okestra ya BBC, wakachagua kubaki kule BBC. Ndani ya wiki chache tu akawa amezunguka anasikiliza kila mtu anayejua kushika chombo, akamchukua mtoto wa shule kupiga filimbi, mwalimu wa kike kupiga pembe, watu wa bendi za matarumbeta, na okestra ikasimama tena. Ukumbi wenyewe walikuja kuurudia 1951. Miaka zaidi ya kumi watu wanafuata okestra isiyo na kwao! Mama Mapacha mimi nikisoma hayo najikuta nafikiria vikundi vyetu huku mpaka usingizi unapaa.

Kwa hiyo siku ukienda, huo ukumbi wa sasa, Bridgewater Hall, ulifunguliwa 1996, unaingiza watu zaidi ya 2,000, na jengo zima limekalishwa juu ya springi za chuma ili mtikisiko wa treni za mjini na magari usiingie ndani. Wewe usiende kwa wasiwasi wa nguo, vaa vizuri kama unaenda ibadani inatosha. Ukishakaa utaona ataingia mpiga vayolini wa kwanza peke yake, watapiga makofi, afu obo, chombo kama zumari, itatoa sauti moja, ile inayoitwa la, na wote watajipanga kwenye hiyo sauti, kwanza hawa kisha wale. Hapo usiongee na simu. Mimi kwenye video hapo ndo huwa napenda kuliko sehemu zote, zile sauti zinavyotafutana kabla hata wimbo haujaanza. Simfoni nyingi zina sehemu nne, kati ya sehemu na sehemu watanyamaza na wewe nyamaza, makofi ni mwisho kabisa, usije ukapiga vigelegele katikati japo najua vitakubana. Na angalia kwenye kijitabu kama kuna siku ambayo kwaya yao inaimba, hiyo usiikose, maana Hallé Choir nayo ina umri sawa na okestra na waimbaji wake ni watu wa kujitolea, wana kazi zao mchana, jioni mazoezi, kama sisi kabisa.

Na ukiniambia hayo ni mambo ya Wazungu na hela zao, nakupeleka Kinshasa. Kuna okestra pale, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ilianzishwa 1994 na Armand Diangienda, alikuwa rubani, mjukuu wa Simon Kimbangu mwenyewe, yule nabii wa Kongo aliyeanzisha kanisa la Kimbangu. Walianza vyombo havitoshi, vayolini moja watu kadhaa wanapokezana, waya ukikatika wanafunga waya wa breki ya baiskeli. Mchana watu wako kwenye kazi zao, jioni Beethoven. Nyuma yao liko kanisa zima linalowashikilia, ndo maana hawakufa mwaka wa pili.

Sasa turudi kwetu maana hili ndo hasa linaloniwasha.

Sisi Dodoma tunakosa nini? Sauti tunazo mpaka zinamwagika. Mgogo hafundishwi kupanga sauti, unakwenda kijijini unakuta mama ambaye hajawahi kuona karatasi ya solfa anaanzisha wimbo na wenzake wanaingia kila mmoja na sauti yake, nne tano, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mimi nikija na kwaya ya mjini natumia wiki nzima kufika hapo. Muheme unaujua, akina mama wamebana ngoma kwenye mapaja wanazipiga kwa mikono mpaka ardhi inaitika, ngoma iliyotokea kwenye unyago wa wasichana na leo inapigwa mpaka mbele ya viongozi. Vyombo navyo tunavyo, zeze, ilimba ile ya kupiga kwa vidole gumba, ndono ule upinde wa muziki, filimbi. Mzee Hukwe Zawose alitokea huku huku, Mwalimu Nyerere akamchukua, akawa nguzo kule Bagamoyo kwenye sanaa, akazunguka dunia na ilimba yake mpaka akatoa albamu na kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, Real World, akafariki Desemba 2003. Na lile tamasha la muziki wa Cigogo pale Chamwino la mwezi wa saba, alilolianzisha Dr. Kedmon Mapana ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wewe uliwahi kufika ukaona vikundi vinavyotoka vijijini, wazee kwa watoto, siku nzima mpaka usiku. Muziki upo.

Kinachokosekana ni watu kama jirani yako. Desemba iliyopita tuliandaa onyesho la Krismasi, kwaya yetu na kikundi kimoja cha muheme, watu walijaa mpaka wengine wamesimama dirishani, makofi, vigelegele, video zikatembea mji mzima. Kuja kupiga hesabu, hela ya spika na mikisa haijatimia, na mwenye ukumbi (sitamtaja) akazuia kinanda chetu mpaka tumalizie deni. Wale akina mama wa muheme waliondoka na nauli tu. Walisema asante, tena kwa heshima, na mimi nikashindwa kuwatazama usoni. Mji umekua, serikali yote imehamia, watu wana mishahara na wanatafuta pa kwenda jioni zaidi ya baa, afu waimbaji bora wa nchi hii wanarudi Chamwino kwa bajaji ya mkopo. Hapana, haiwezekani tuendelee hivyo.

Kwa hiyo tumeanza. Tuko wachache, walimu wawili watatu, nesi mmoja, dereva wa bodaboda ambaye nakwambia anapenda zeze kuliko sisi wote, na mama mmoja mwenye shamba la zabibu. Tunataka kuweka msimu, wenye tarehe zinazojulikana tangu mwanzo. Wa huko wanaanza mwezi wa tisa baridi inapokaribia wanamaliza mwezi wa tano wa sita, ila sisi huku hatuwezi kuiga hivyo hivyo, Desemba mpaka Aprili wana vikundi wako shambani, mvua yetu ni moja tu na ukiikosa umekosa mwaka. Msimu wetu uanze Juni watu wakishavuna, Julai tuwasindikize Chamwino, Septemba tena, umalizikie Krismasi na kwaya. Mtu analipa kidogo kidogo kwa simu kuanzia sasa, jina lake linaandikwa kwenye daftari na kwenye karatasi ya ratiba, anapata kiti chake, na anaruhusiwa kuja kwenye mazoezi kukaa na waimbaji. Na kikundi kinalipwa nusu kabla hakijatoka kijijini. Hilo la nusu kabla nimelisimamia mimi na silirudishi nyuma.

Sasa kazi yako. Nenda na huyo bibi, afu muulize vizuri, usione aibu, wazee wanapenda kuulizwa. Wanawakumbushaje watu kulipa tena mwaka unaofuata? Mtu akifariki au akihama kiti chake anapewa nani? Vijana wanawavutaje, maana naogopa na sisi tusije tukajaza wazee watupu. Nani anakaa kwenye meza ya mlangoni, wanalipwa au wanajitolea? Nipigie picha kurasa zote za hicho kijitabu, hasa zile zenye majina ya wachangiaji, nione wameyapanga vipi.

Na wewe nimeshakuandika kwenye daftari letu, namba ya kulipia ntakutumia, toa unachoweza, hata ya nauli ya mama mmoja wa muheme kuja na kurudi. Kama likizo ya Julai mtakuja na watoto, treni ya SGR kutoka Dar siku hizi asubuhi unapanda mchana uko kwangu, tutaenda wote Chamwino, mapacha wapige ngoma.

Ila jibu la hayo maswali nitumie kabla ya Jumapili mwaya, kamati inakaa baada ya ibada ya pili.

Wasalimie sana hapo nyumbani.

Mimi rafiki yako wa damu,
Mwalimu wa kwaya, Nkuhungu, Dodoma