Tupeni ratiba ya maji kwanza

Mhariri,

Kila mabonde yanapoanza kuburugwa huja nasaha ile ile: wakulima wa mpunga tusipoteze maji. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni zamu ya kupewa maji.

Nalima mpunga wa kumwagilia Wilaya ya Kati, Unguja, kwa maji ya kisima yanayovutwa na pampu ya umeme. Msimu mmoja nilitenga jaruba, kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, nijaribu kilimo shadidi cha mpunga, kile alichokianzisha padri Henri de Laulanié mwaka 1983 huko Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Miche niliing'oa kitaluni ina siku 10, nikapandikiza mmoja mmoja, sentimita 25 kila upande. Jirani yangu, bibi aliyelima bonde hili kabla sijazaliwa, alisimama juu ya tuta akacheka: "Mwanangu, huu mpunga au mikarafuu?" Shina moja lilipokuja kuwa kichaka hakucheka tena, ingawa kusifu pia hakusifu.

Nilifukia na kipande cha bomba la plastiki nilichokitoboa matundu, nikawa nachungulia maji yamezama wapi, nijue lini nifungulie tena. Hata yakishuka mpaka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mpunga haudhuriki. Mizizi hupata hewa, ikayafuata maji huko chini. Ukishika mimba na kuchanua ndipo jaruba lisiachwe likauke. Magugu, hayo sikufichi: palipokosa maji ya kuyafunika yaliota kwa fujo, na mgongo wangu unayakumbuka.

Lakini kilichonishinda si magugu. Zamu yangu ilipofika, bomba lilionesha bado, nikawaachia wenzangu maji. Bomba liliponiambia sasa, pampu imezimwa na hakuna ajuaye itawashwa lini. Maji niliyapata siku ya tisa, udongo umeshapasuka. Msimu uliofuata nikafanya kama wafanyavyo wote: zamu ikifika nafungulia mpaka tuta linataka kufurika. Tunaambiwa ni ujinga. Nani atayaacha maji ya leo na ya wiki ijayo hana hakika nayo?

Tunachoomba ni karatasi moja ibandikwe penye pampu: siku na saa ya kila jaruba, na wenye mpunga unaochanua watangulizwe. Pampu ikiharibika tuambiwe siku hiyo hiyo, si baada ya kwenda kuuliza.

Bomba langu sijalifukua. Karatasi hiyo ikibandikwa, nitarudi kulichungulia.

Mkulima wa mpunga,
Wilaya ya Kati, Unguja