Hiyo Pete ya Chuma Ndiyo Mota: Kwa Nini Lenzi Haitiwi Oili

Juzi mteja mmoja alikuja dukani kwetu Kariakoo akiwa amevimba. Lenzi yake ya kamera ilikuwa imeshapona, inashika fokasi vizuri, ila aliomba apewe spea ya zamani, akaigeuzageuza, ugomvi ukaanza. "Fundi, hii si pete ya bati tu? Haina koili, haina sumaku. Hiyo mota mliyonitoza iko wapi?" Si wa kwanza. Na huyo afadhali aliuliza, maana wengine huondoka kimya wakatangaze mtaani kwamba wamepigwa.

Bosi, hiyo pete ndiyo mota inayosogeza fokasi. Ukiigeuza chini utaona utepe mwembamba wa kauri umebandikwa kwa gundi. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kwamba zikipewa umeme, nazo hujikunja na kujinyoosha. Kauri ya kwenye lenzi yako inafanya hivyohivyo kama mara 30,000 kwa sekunde. Sikio la mtu huishia kama 20,000, ndiyo maana husikii kitu. Kila mtetemo hauzidi sana sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini unazunguka pete nzima kama wimbi, na vimeno vya pete vinapokezana kuisukuma pete ya pili iliyokaa juu yake. Mwangalie jongoo anavyotembea, utaelewa. Canon walitoa lenzi yao ya kwanza ya namna hii mwaka 1987, ile ya 300mm f/2.8, na kwenye mota za pete hadi leo mtindo ni uleule.

Sasa shika hili: pete hizo mbili hazina gia katikati. Zimekandamizwa na springi, zinakwenda kwa msuguano peke yake. Ukiondoa msuguano, huna mota.

Halafu mtu anatia oili ya cherehani.

Kuna dada mmoja mpiga picha, kazi zake ni send-off na kitchen party za Sinza na Mwenge. Lenzi ilianza kulia kama panya, jambo ambalo mara nyingi maana yake ni kwamba pete zimechafuka au zimelika mahali zinapogusana. Kazi ya kufungua, kusafisha na kufunga. Jirani akamshauri tone moja la oili. Kelele ikakata siku hiyohiyo, akafurahi. Kisha ukumbini, bibi harusi anaingia, lenzi ikagoma kabisa: kauri inatetemeka, pete ya juu inateleza tu. Tulipofungua, oili ilikuwa imeshafika kwenye vibati vya diafragma, vile vinavyofungua na kubana njia ya mwanga, vimeshikana. Kazi moja ikawa tatu, na spea juu.

Wapiga picha wa Coco Beach nao wana lao. Mchanga ukiingia wanakimbilia kwa fundi pancha, lenzi inapigwa upepo wa kompresa. Mchanga hautoki, unasukumwa ndani zaidi.

Kuhusu bei: tunatoza Sh 30,000 kupima, na kama kazi tunaifanya sisi, hela hiyo inakatwa kwenye bili. Kupima kuna maana yake. Lenzi nyingi zinazoletwa na maneno "mota imekufa" zina mota nzima. Kilichokatika ni fleksi, ule utepe wa waya wa ndani, au pini za nyuma zimeota uchafu wa chumvi na jasho. Kupangusa pini hatutozi. Kufungua ndiko kuna kazi. Skrubu za Kijapani zinataka bisibisi yake, hizi za nyota za kawaida zinakula vichwa. Chini ya mdomo wa nyuma wa lenzi, ule unaoingia kwenye kamera, kuna vipande vyembamba vya bati vya kurekebisha umbali. Ukivirudisha vibaya, mota itazunguka safi lakini picha zinaweza kutoka na ukungu. Tunapiga picha kila hatua, tunatia alama kila pete kabla ya kuitoa. Anayekufanyia kwa nusu saa hafanyi hayo.

Basi lenzi ikilia au ikisita, weka swichi kwenye MF, fokasi kwa mkono umalize shughuli yako, kisha uilete. Na kama umeshatia oili, sema mapema. Hatutakucheka, ila bei ya kusafisha oili ni nyingine, na inalipwa kabla hatujafungua.