Mlinzi wa mtandao asizoeleke

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ulinzi wa mitandao ya jeshi ilieleza vizuri habari za nywila na mitambo ya bei mbaya. Sikuona mahali mlipomtaja adui kama mtu anayefikiri, na hapo ndipo pananiuma.

Nalima zabibu Hombolo. Msimu mmoja mlinzi wangu alikesha kila siku upande wenye mavuno mengi. Wezi wakamsoma, wakawa wanavuna upande wa pili. Tuseme upande mkubwa una kreti mbili za kuibwa kwa usiku, mdogo moja. Mlinzi akiganda kwenye mkubwa, kila kukicha nimepoteza kreti moja. Lakini akirusha dadu jioni, ikitoka 1 hadi 4 alinde mkubwa, 5 au 6 alinde mdogo, mwizi aingie atakapoingia, wastani wake ni theluthi mbili za kreti. Hata akiijua kanuni ya dadu haimsaidii, maana hajui leo imeangukia wapi. Hii ndiyo nadharia ya michezo, yaani hisabati ya kushindana na mtu anayefikiri, na mwanahisabati John von Neumann alithibitisha msingi wake mwaka 1928.

Mtandao wa jeshi una pande nyingi kuliko shamba langu, na walinzi hawatoshi. Februari 24, 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, makumi ya maelfu ya modemu za setilaiti (vifaa vya kupokelea intaneti) za kampuni ya Viasat zilizimwa, Ukraine na kwingineko Ulaya. Wavamizi hawakuhangaika na setilaiti angani. Walipenya ardhini, kwenye kifaa kilichopangwa vibaya, wakafika sehemu ya kusimamia mtandao.

Uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza mwaka 2007 kupanga vizuizi vya barabarani na doria za mbwa kwa programu ya kompyuta inayobahatisha kama dadu langu: penye thamani kubwa hulindwa mara nyingi zaidi, lakini hakuna mahali panapoachwa moja kwa moja.

Basi ukaguzi wa seva zetu, kompyuta kubwa zinazotunza taarifa, usifanywe kila Ijumaa mchana. Siku yake iamuliwe kwa dadu. Ziwekwe pia seva za chambo, zisizo na siri yoyote, ili mvamizi akizigusa tu ajulikane. Wizara zimehamia Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa hapa mjini. Wanaolinda mitandao ya jeshi na serikali wakae na wanahisabati wa chuo hicho, waanze na mfano mdogo wa seva mbili na mlinzi mmoja.

Mkulima wa zabibu,
Hombolo, Dodoma