Salamu za Pasaka kutoka shamba la alizeti

Mbukwenyi, ndugu, jamaa na marafiki, mlio nyumbani na mlio mbali. Kristo amefufuka! Nawaandikia mchana huu wa Pasaka nikiwa kwa mama, huku Kongwa.

Pasaka yetu huja mvua zikiwa ukingoni. Tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, kwa hiyo wakati huu kila kilichopandwa kinajionyesha: mtama unatoa masuke, na alizeti zimechanua mpaka njia yote imekuwa njano. Ule udongo wa mbuga uliokuwa umepasuka vipande vipande kama gamba la kobe umefumba, huwezi hata kujua ufa ulipita wapi.

Jana mpwa wangu wa darasa la sita aliniita shambani. Alikuwa ameinamisha kichwa kimoja cha alizeti ambacho maua yake ya pembeni yameanza kunyauka. "Mjomba, hii mistari kaipanga nani?" Nikasogea. Punje zimepangwa kwa mistari inayojizungusha kama gamba la konokono, mingine inapinda kulia, mingine kushoto, na yote inakatizana bila kugombana. Tukaamua kuhesabu. Aling'oa punje moja ukingoni ili asisahau alikoanzia. Mara ya kwanza tulipotea kwenye ishirini na kitu, ya pili vilevile. Mara ya tatu tukapata 34 upande mmoja na 55 upande wa pili.

Nilisisimka, maana namba hizo nazijua. Anza na 1 na 1, kisha kila namba iwe jumla ya mbili zilizoitangulia: 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89. Leonardo wa Pisa aliziandika mwaka 1202 akieleza jinsi sungura wanavyoongezeka, na wataalamu wa India walizifahamu kabla yake. Alizeti haihesabu. Kichwa kikiwa bado kichanga, kila kichipukizi kipya hujitokeza pale palipo na nafasi, karibu nyuzi 137.5 kutoka kwa kilichokitangulia, basi. Kanuni ni hiyo moja tu, na punje mamia zinajaa bila kubanana wala kuacha uwazi. Vipo vichwa vinavyovurugika, tulikuta kimoja, na mwaka wa ukame katikati hubaki mapepe matupu. Mimi navyo navipenda. Vimepambana na jua la hapa.

Leo alfajiri, tukienda ibadani, tulipita kando ya shamba lilelile. Alizeti changa hulifuata jua kutwa, na usiku hugeuka kulisubiri. Ikikomaa hutulia, uso mashariki. Vichwa vinavyotazama huko hupata joto mapema asubuhi, na nyuki huvijia zaidi. Sababu naijua, lakini nilisimama pale nikashindwa kusema neno. Shamba zima lilikuwa limeelekea jua ambalo halijachomoza. Habari ya wanawake waliokwenda kaburini kungali giza nimeisikia tangu utoto. Leo ilisomwa kanisani nikawa bado naziona zile alizeti.

Basi, Pasaka njema kwenu nyote. Wagonjwa mpate nafuu, wenye msiba Mungu awafariji, na walioko kazini leo wapewe nguvu. Mnaokuja na treni ya mwendokasi, mkishuka Dodoma nipigieni simu; ugali wa uwele upo, mlenda upo. Njooni kabla ya mavuno, na mje na watoto. Mpwa wangu amekifunga kitambaa chekundu kichwa kimoja kikubwa kuliko vyote na kutangaza kwamba hakuna ruhusa ya kukigusa mpaka wenzake wafike wakihesabu pamoja. Anasema kitatoa 89.