Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa kufunguliana madaftari

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa shule, wakuu wa shule, walimu wenzangu na wazazi mlio kwenye kamati, habari za kazi. Nitaongea zaidi kuhusu mwaka wa kwanza wa sekondari maana ndiko nguvu yetu nyingi ilikoenda.

Mnakumbuka zamani tukikutana tunasomeana asilimia za ufaulu, tunapigiana makofi, kila mtu anarudi shuleni kwake na shida zake mfukoni. Mwaka huu tulikubaliana kila shule ilete mahudhurio na masomo waliyofeli wa mwaka wa kwanza, tena mapema, tusingoje matokeo ya mwisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walishaonyesha tangu 2005 kwamba mwanafunzi anayemaliza mwaka huo akiwa amefaulu masomo ya kutosha na hajafeli somo la msingi zaidi ya muhula mmoja, uwezekano wake wa kuhitimu ni zaidi ya mara tatu ya yule ambaye hajafika hapo, na kipimo hicho kilitabiri vizuri kuliko maksi alizotoka nazo shule ya chini.

Kwangu mimi hapo ndo penyewe. Mtoto mwenye maksi nzuri anaweza kupotea mwaka wa kwanza tu, walimu wapya, masomo mengi, hakuna anayemjua kwa jina, anakosa siku moja, anakosa tatu, halafu anaona aibu kurudi. Utoro sugu wengi wanauhesabu kuanzia kukosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani kama siku mbili kwa mwezi, ndo maana unatupita machoni.

Kulikuwa na shule ambayo mwalimu anampigia mzazi simu siku hiyohiyo mtoto asipoonekana, wenzao wakauchukua utaratibu huo wakaurekebisha, na walimu wa shule za chini wakaanza kutuambia mapema nani anahitaji kushikwa mkono. Nawashukuru sana wakuu walioleta namba zao mbaya mbele ya wenzao, si jambo dogo, na bila wao tusingejifunza chochote.

Upande wa chuo bado tuna kazi. Utafiti wa Marekani unakadiria asilimia 10 mpaka 20 ya wahitimu waliokusudia kwenda chuo hawafiki muhula ukifunguliwa, maana likizoni fomu zinachanganya, mambo ya ada na mikopo yana tarehe zake, na shule imefungwa hakuna wa kumuuliza. Wapo waliopendekeza tutume meseji za kukumbusha basi yaishe. Mi naona hazitoshi, majaribio makubwa ya kitaifa ya meseji huko huko Marekani hayakuongeza wanaoingia chuo, mtoto anahitaji mtu anayemjua ambaye atapokea simu na kukaa naye kwenye ile fomu.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kila shule iteue mwalimu mmoja wa ushauri atakayebaki na wahitimu wake mpaka waripoti chuo, na shule zinazokaribiana zipeane zamu ili mtu asichoke peke yake. Mafunzo ya hesabu ya pamoja yanaendelea kama kawaida. Wakuu naomba majina ya hao walimu wa ushauri yamfikie katibu kabla muhula haujafungwa, na kwenye mkutano mkuu tuanze na hiyo ajenda.