Tusilipie visima kwa mita

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumze na wenye viwanja na mashamba wanaojitayarisha kuchimba visima kabla ya masika, hasa wale wa ardhi ya uwanda, yaani ya jiwe la matumbawe, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje, Jambiani na Makunduchi, na kwa Pemba wale wa Micheweni. Kubwa ninalotaka kulisema ni hili: makubaliano ya kumlipa mchimbaji kwa kila mita anayoshuka yanaviingiza visima vyetu chumvi.

Malipo ya namna hiyo yana maana yake bara, kwenye miamba migumu, ambako maji pengine hupatikana mita 80 au 100 chini na kila mita ni jasho. Visiwani hali ni kinyume. Huku maji matamu ni mvua iliyozama kwenye jiwe la matumbawe ikakaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Yanaelea kwa sababu ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, na wepesi huo mdogo ndio unaotupa kanuni ya kufanyia kazi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Baada ya hapo ni chumvi tupu. Anayekuahidi kwamba akishuka zaidi utapata maji mazuri zaidi anakupeleka baharini kwa gharama yako.

Tuchukue kiwanja kilichoinuka mita 12 juu ya bahari. Maji yakikutwa mita 11.5 chini, maana yake yamesimama nusu mita tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya kitabuni maji matamu yatakwenda mita 20 chini ya usawa huo. Kwa kazi ya kweli hesabu nusu yake, kwa sababu kati ya matamu na ya chumvi hakuna mstari, kuna tabaka nene la maji yaliyochanganyika. Basi kisima salama hapo kina mita 14 au 15, yaani mita 3 hivi ndani ya maji. Mashine ikishuka hadi mita 30, mwenye kiwanja amelipa maradufu kununua munyu. Na munyu hautaki mengi: lita 2 za maji ya bahari zikiingia katika lita 98 za maji matamu, ulimi unajua.

Kwa hiyo, mkataba uandikwe kwa kazi, si kwa kina. Kwanza pima urefu wa kiwanja kutoka usawa wa bahari na angalia visima vya jirani: maji yako umbali gani, na yana chumvi kiasi gani. Kipimo cha mkononi cha upitishaji umeme, kidogo kama kalamu, kinatosha. Maji yanayosoma chini ya 1,000 (mikrosiemens kwa sentimita) ni matamu. Yakipita 1,500 wengi huanza kuonja munyu. Bahari yenyewe inasoma karibu 50,000. Katika mkataba mtake mchimbaji asimame kila baada ya mita 2 akishafika kwenye maji, apime maji yanayotoka, na aandike. Namba ikiruka, kazi imefika mwisho, hata kama amebakiwa na mabomba kwenye gari. Shimo lililozidi kina linaweza kuzibwa chini kwa saruji hadi kwenye maji mazuri, lakini lizibwe kabla ya kuteremsha bomba la kisima, lile ambalo mafundi huliita kesingi. Changarawe ikishamwagwa nje ya kesingi, kuziba ndani hakusaidii tena, maana chumvi itapanda kupitia changarawe hiyo hiyo.

Kwa kisima cha nyumba, shimo la inchi 8 na kesingi ya plastiki ngumu ya inchi 5 vinatosha. Sehemu iliyo ndani ya maji iwe bomba la kiwandani lenye nyufa nyembamba. Bomba lililokatwa kwa msumeno pale pale uwanjani lina nyufa zisizo sawa: mahali fulani mchanga unapita na kuila pampu, mahali pengine maji hayapiti. Nje ya nyufa iwekwe changarawe iliyooshwa ya milimita 2 hadi 4. Juu yake iwekwe udongo wa kinamo, na mita 5 za juu kabisa saruji nzito kuzunguka kesingi yote. Kwenye uwanda saruji hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa haionekani kazi ikiisha, na kisima kisicho nayo hujitambulisha mvua kubwa ya kwanza: maji yanatoka na rangi ya udongo na harufu ya majani, kwa sababu yameteremka moja kwa moja ubavuni mwa bomba.

Kisha kisima kisafishwe kwa kompresa hadi maji yatoke meupe bila mchanga, ndipo jaribio lifanyike. Jaribio la dakika 20 la kumfurahisha mwenye nyumba si jaribio. Vuta kwa kiasi kile kile saa 8 mfululizo, na kila baada ya nusu saa pima vitu viwili: maji yameshuka umbali gani, na kipimo cha chumvi kinasoma ngapi. Wakati mzuri ni mwisho wa kaskazi, kabla mvua haijarudisha kitu, na siku ya bamvua, kwa sababu karibu na pwani maji ya kisima hupanda na kushuka pamoja na bahari. Kisima kilichopimwa mwezi wa Mei katikati ya mvua kitasifiwa kwa sifa isiyo yake. Namba ikianza 700 ikafika 1,100 na bado inapanda, kisima si kibaya, ila unavuta kwa pupa: punguza nusu, upime tena siku nyengine. Fungu la mwisho la malipo litoke baada ya jaribio hili, na karatasi ya vipimo abaki nayo mwenye kiwanja.

Hapo tunafika kwenye pampu, ambayo huharibu visima vingi vilivyochimbwa vizuri. Kanuni ile ya 1 kwa 40 inafanya kazi na upande wa pili. Ukiyashusha maji ya kisimani robo mita tu, chumvi iliyo chini ya kisima inataka kupanda mita 10. Haipandi siku moja, lakini ukiendelea itafika, na ikishafika hairudi chini kwa haraka iliyopandia. Inahitaji misimu ya mvua na kisima kupumzishwa. Nyumba ya watu 8, kila mmoja na lita 50 kwa siku, inataka lita 400. Weka mbuzi, kuku na bustani, iwe lita 1,000. Pampu ya kuzama ya nguvu farasi 1 na nusu kwenye kisima kifupi inaweza kuvuta lita 3,000 na zaidi kwa saa, inajaza tangi kwa dakika 20, na dakika hizo 20 ndizo zinazoinyanyua chumvi. Pampu ya lita 400 kwa saa itafanya kazi hiyo hiyo kwa saa mbili na nusu, na chumvi itabaki ilipo. Kwa sababu hii pampu za sola zinatufaa sana: zinavuta kidogo kidogo kutwa nzima, halafu usiku kisima kinapumzika. Nunua tangi kubwa, pampu ndogo. Wengi tunafanya kinyume chake.

Aliyekwisha kununua pampu kubwa anaweza kuibana kwa koki kwenye bomba la kutokea, ikiwa ni pampu ya mapangaboi. Ile ya skrubu isibanwe, itapasua bomba au kuchoma mota. Weka swichi ya boya kwenye tangi na kikata umeme cha kuilinda pampu maji yakipungua. Pampu ining'inie kwa kamba ya nailoni, isining'inie kwa waya wa umeme, na ikae angalau mita 1 kutoka chini ya kisima. Kisanduku cha swichi kizibwe matundu yote: mjusi mmoja akiingia kujipasha joto anatosha kuunguza mota. Halafu, mara moja kwa mwezi, andika kwenye daftari kina cha maji na namba ya chumvi. Namba inayopanda miezi mitatu mfululizo ni taarifa ya mapema kuliko ulimi, na inakupa nafasi ya kupunguza uvutaji kabla hujapoteza kisima.

Kwa wenye udongo wa kichanga na mabonde, hasa Pemba, kisima cha mkono bado ni kizuri, na kwa maji yanayokaa juu juu ni bora kuliko cha mashine. Kichanga lakini hakisubiri. Usichimbe hadi chini ndipo ujenge. Teremsha pete za zege moja juu ya nyengine huku mchimbaji akiwa ndani yake anaondoa mchanga chini ya ile ya kwanza. Chini tandika sentimita 20 za kokoto, na uhakikishe mwisho wa kaskazi kunabaki maji ya mita 1 na nusu au 2.

Kuhusu roho za watu, hapa siwezi kupita haraka. Mashine ya petroli ya kuvutia maji isiteremshwe kisimani hata kwa dakika tano, wala isikae mdomoni mwa kisima. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayoua mtu kabla hajajua anakufa. Mshumaa unaoteremshwa kwa kamba unaonyesha kama hewa ya kupumua ipo. Sumu ile hauionyeshi, utaendelea kuwaka wakati mtu anaanguka. Anayeshuka afungwe kamba kifuani na mabegani, na juu wabaki watu wawili wenye nguvu ya kumvuta. Akianguka, avutwe. Asiteremke mwengine kumfuata, kwani anayefuata huanguka juu ya mwenzake.

Juu ya kisima pawe na ukuta wa kimo cha mapaja, mfuniko, na sakafu ya zege ya upana wa mita 1 pande zote, zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, likiinamia kwenye mtaro unaopeleka maji mbali. Sakafu ikipasuka, zibua ufa na uuzibe wiki hiyo hiyo. Choo kiwe mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Kwenye uwanda mita 30 ni mwanzo tu, maana jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango, na uchafu husafiri humo bila kuchujwa. Shimo la choo lisifike kwenye maji. Liachwe mita 2 za ardhi kavu chini yake. Anayeweza kujenga karo lililozibwa chini na ubavuni, ajenge.

Baada ya matengenezo au mafuriko, kisima kitiwe klorini. Vuta kwanza maji machafu hadi yatakate, kwa sababu tope hula dawa. Kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 2,260 hivi. Kila lita 1,000 zinataka gramu 75 za unga wa klorini wa asilimia 65, kwa hiyo hapa ni gramu 170. Koroga unga ndani ya ndoo ya plastiki yenye maji, uache utuame, umwage yale ya juu yaliyotakata huku ukiosha kuta. Fungua kila mfereji wa nyumba hadi harufu isikike, funga, na yalale saa 12 bila mtu kuyanywa. Asubuhi vuta hadi harufu iishe, na maji hayo yasiende kwenye migomba wala kijitoni. Kisima kinachochafuka tena baada ya wiki mbili kina ufa au choo karibu, na klorini haitakitibu.

Na kisima kilichoachwa kisigeuzwe karo la choo wala jaa. Kitu kinachotupwa humo kinakwenda kwenye maji yale yale anayovuta jirani. Kizibwe kwa mchanga safi hadi juu ya usawa wa maji, kisha kinamo kilichoshindiliwa, kisha bamba la zege.

Mwisho nina ombi kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 4 ya mwaka 2006. Kila kibali cha kisima cha mtu binafsi kiambatane na karatasi moja yenye vipimo vitano: urefu wa kiwanja kutoka bahari, kina cha maji, kina cha kisima, kiasi cha kuvuta kwa saa kilichothibitishwa, na chumvi mwanzo na mwisho wa jaribio. Nakala ikae kwa sheha, ili jirani anayetaka kuchimba aisome kabla hajaita mashine.

Wako,
Fundi visima,
Makunduchi, Kusini Unguja.