Risala ya kikundi chetu cha sanaa ya viraka kwa mgeni rasmi, Tandika

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa mtaa, wazazi na majirani, asalaam aleikum, bwana asifiwe, na wengine wote habari za mchana. Asante sana kwa kuja, jua la leo kali kweli na bado umekaa nasi hapa chini ya turubai.

Mgeni rasmi, sisi ni vijana 14, tunafanya sanaa kwa vitu vilivyotupwa, vizibo, kandambili zilizokatika, waya, vitenge vilivyochanika, vipande vya sahani. Tulianzia kibarazani kwa dada yetu ambae ndio mwalimu wetu, anachora, anashona, anachomelea, na toka siku ya kwanza alitukataza kuficha kiraka. Alituambia ukishona kanga kwa uzi wa rangi ileile hakuna atakaejua kuna mtu alikaa akaihangaikia, kwahiyo sisi tunashona kwa uzi mwekundu ili mshono uonekane.

Na hili sio geni kwetu, hapa mtaani mama zetu wanaziba ndoo kwa kisu cha moto na kipande cha plastiki, fundi viatu anarudia kiatu kilekile mpaka soli inabaki ya tairi. Sisi tumelichukua tu hilo tukalitundika ukutani.

Dada alituonyesha kwenye simu kazi za El Anatsui, mzee wa Ghana aliezaliwa 1944 akahamia Nsukka, Nigeria, mwaka 1975 kufundisha chuo kikuu. Zamani alikuwa anafinyanga vyungu vya sanaa vyenye sura ya kuvunjika, baadae akageukia vizibo vya chupa za pombe, anavibonda, anavitoboa, anaviunganisha kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa kama shuka kubwa linalomeremeta. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa kule Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Na hapo Nairobi yupo Cyrus Kabiru, anatengeneza miwani kwa vyuma na taka za elektroniki, na sanaa kajifundisha mwenyewe. Tulipoona hivyo kwakweli hatukulala.

Hilo pazia nyuma yako mgeni rasmi ndio jibu letu. Tulipita nyumba kwa nyumba tukaomba kila familia kitu kimoja kilichoharibika ambacho wameshindwa kukitupa, na hapo ndio tulijifunza, maana bibi mmoja alileta mpini wa jembe la marehemu mumewe, akatuomba tusiukwangue pale mkono wake ulipokuwa unashika. Hatukuukwangua, upo katikati pale. Waya tumetoa kwenye mota za feni zilizoungua, tunaufungua kwa mkono, hatuchomi, ule moshi ni sumu na wadogo zetu wanacheza hapahapa.

Changamoto zipo, mvua ikinyesha kibarazani tunasimamisha kazi, koleo zipo 3 tu na glavu hatuna, wenzetu wawili washajikata. Ombi letu ni chumba kimoja chenye mlango wa kufunga, hata kile cha ofisi ya mtaa kinachowekwa viti vibovu, na hivyo viti tutavitengeneza sisi wenyewe bure.

Mwisho tumekuandalia bakuli la udongo, lilivunjika vipande 5 tukalifunga kwa waya wa shaba. Maji halishiki tena ila maembe linabeba vizuri, tumeshalijaribu.

Tunaomba kuwasilisha.